Nina ubao wa kuteleza mawimbini, nipo Kigoma, likizo ni Julai: niende pwani ipi?

MwishoWaReli
Wakuu habari za jioni. Naomba msicheke mpaka mmalize kusoma.

Mwaka jana kuna mzungu mmoja alikuwa na mradi hapa mjini, mkataba wake ukaisha, akawa anauza vitu vya ndani. Nilikwenda kufuata friji, nikarudi na ubao. Ule wa kusimama juu ya wimbi, mchezo wenyewe wanauita sefingi. Futi 8, juu laini kama godoro, chini una mapezi matatu, na kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mguu. Friji alishaiwahi mtu wa mtaa wa Mwanga. Mke wangu hadi leo nikimuomba maji baridi ananiambia kachote kwenye ubao wako.

Nimejaribu nao hapa ziwani Tanganyika, ufukwe wa Katonga, nimejaribu Kibirizi jioni upepo ukikaza. Kuogelea si tatizo, mimi ni mtoto wa Ujiji. Tatizo ni kwamba wimbi la ziwa likikunyanyua, ile unasema ngoja niinuke, lenyewe limeshakwisha na la pili linakupiga kisogoni. Rekodi yangu ya kusimama ni muda wa kusema bismillahi.

Sasa Julai nina likizo ya wiki mbili na milioni mbili na nusu, humo humo nauli, kula na kulala. Nataka bahari. Nimeifikiria Paje ya Zanzibar, maana picha zake nimezitazama mpaka simu inapata moto: mchanga mweupe, maji ya bluu. Shemeji yangu anasema kama ni mawimbi niende Bali. Shemeji mwenyewe hajawahi kuvuka mto Malagarasi. Wajuzi nisaidieni.

MgebukaMkavu
Siti ya mbele. Nimekuja na kahawa na kashata.

BintiMwandiga
Mtu amekaa kando ya ziwa lenye urefu wa kilomita 673, anakwenda kutafuta maji kwa treni.

MwaniKavu
Assalaam alaykum. Mimi ni wa Paje khasa, si wa kuja, kwa hiyo nitakwambia ambalo wenye mahoteli hawatokwambia.

Hayo maji uliyoyaona pichani yametulia vile kwa sababu mwamba umeshamaliza kazi huko nje. Uko mbali, kiasi cha kilomita kutoka ufukweni, na wimbi lote linavunjikia kule. Ukisimama pwani unaliona kama mstari mweupe, usiku unalisikia likivuma, lakini linalokufikia miguuni ni maji ya kutawadhia. Ndiyo maana mama zetu wanapanda mwani pale, vigingi na kamba tu. Pangekuwa na wimbi la kukubeba wewe na godoro lako, mwani wao ungeokotwa Kizimkazi.

Wageni unaowaona wakipita mbio juu ya maji wanavutwa na tiara, yaani kishada kikubwa. Tiara inataka upepo na maji tambarare, na sisi tunavyo vyote: upepo wa kusi kuanzia Juni mpaka Septemba, wa kaskazi kuanzia Disemba mpaka Februari na kuendelea. Wewe tiara huna. Wapo wanaochukua boti wakaenda kuteleza kwenye mwamba wenyewe, lakini hao wameshahitimu. Chini yao si mchanga, ni matumbawe. Unaanguka mara moja unatoka na chale.

MwishoWaReli
Kwa hiyo picha zote zile...

MwaniKavu
Picha ni za kweli. Njoo na mkeo, ubao uuache nyumbani. Ukiona bahari imekaa kama sahani ya bluu, jua hapo hapana wimbi.

MgebukaMkavu
Huyu mzanzibari kafukuza mteja mchana kweupe. Heshima kwako ndugu.

AsaliMbichi
Wakuu, mimi nafundisha fizikia hapa Tabora. Bahari naiona kwa bahati, lakini mleta mada amegusa swali la darasani kabisa: kwa nini wimbi la ziwa linamkimbia. Niruhusuni.

Siku nyingine ukiwa Kibirizi usiangalie kimo cha wimbi. Hesabu sekunde kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Kwa upepo wa jioni utapata 3 au 4. Kwenye maji ya kina, umbali kati ya kilele na kilele unaupata kwa kuzidisha sekunde hizo kwa zenyewe, halafu mara 1.56. Sekunde 4 zinakupa mita 25. Sekunde 10 zinakupa mita 156. Umeona tofauti? Muda haujaongezeka hata mara tatu, wimbi limerefuka mara sita na zaidi. Hilo refu likikufikia linakusukuma kwa kituo, unapata nafasi ya kupiga makasia kwa mikono, kuinua kifua, kuvuta mguu. Hilo la mita 25 ni kama daladala isiyosimama kituoni, unadandia au unabaki.

Sekunde hizo zinatokana na upepo: ukali wake, umevuma saa ngapi, na umesafiri umbali gani juu ya maji bila kukutana na nchi kavu. Tanganyika ni ndefu, lakini upana wake wa wastani ni kama kilomita 50. Upepo hauna uwanja. Halafu Kigoma mna tatizo la pili. Wimbi huvunjika pale kina kinapofika kama mara 1.3 ya kimo chake, yaani wimbi la mita 1 linavunjika kwenye maji ya mita 1.3. Mwanafunzi anataka mchanga unaopanda polepole, ili wimbi limwagike taratibu. Kwenu sehemu nyingi hatua kumi tu kutoka nchi kavu unatafuta chini hukupati.

Sasa tazama ramani. Madagaska ina urefu wa karibu kilomita 1,600, imelala kama ukuta. Mawimbi marefu yanayozaliwa na dhoruba za kusini kabisa ya dunia yanafika vizuri Msumbiji ya kusini, Ponta do Ouro na Tofo, halafu yanafifia kadiri unavyopanda. Ncha ya juu ya kisiwa iko nyuzi 12 kusini, chini kidogo ya usawa wa Mtwara. Kuanzia hapo kwenda kaskazini tunachopata zaidi ni mawimbi ya kusi yenyewe, mara nyingi chini ya sekunde 10. Si mabaya kwa anayejifunza. Ila usitegemee yale ya kwenye televisheni ya Olimpiki ya 2024, yale yalikuwa Tahiti.

BintiMwandiga
Mwalimu umenikumbusha viboko vya kidato cha tatu.

AsaliMbichi
Kama unakumbuka viboko na fomula umesahau, basi mwalimu wako alikosea dozi.

MzeeWaKibirizi
Mwanangu MwishoWaReli, mimi nimeendesha boti za abiria miaka mingi, hayo masekunde ya mwalimu sisi tunayajua kwa mgongo. Nikuongezee moja. Popote utakapokwenda, amka mapema. Hapa kwetu alfajiri upepo unashuka kutoka milimani kwenda majini, ziwa linakuwa kioo. Mchana unageuka, unatoka majini, unachafua. Pwani nako ni hivyo hivyo, huo wa alfajiri wao wanauita umande. Wimbi likija huku upepo mwepesi unatoka nchi kavu, linasimama limechanwa vizuri. Upepo ukitoka baharini linakuja na povu na matusi.

Na jambo ambalo sisi wa ziwani hatulijui: maji ya kupwa na kujaa. Nilikwenda Dar kwa mara ya kwanza nikaacha kandambili zangu kando ya maji, nikazame kidogo. Kutoka, hakuna kandambili, hakuna hata ule ufukwe.

BahariaMstaafu
Mzee umenena. Kwa faida ya mleta mada: pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndiyo bamvua, tofauti ya juu na chini inafika mita 3 mpaka 4. Kwa hiyo pwani moja inaweza kuwa na wimbi zuri saa nne asubuhi, na saa kumi jioni ikawa uwanja wa mawe. Anayekwambia "nenda pale" bila kukwambia saa ngapi, hajakwambia kitu.

Kuhusu Bali, nimefika na meli. Julai ni kiangazi kule na mawimbi yapo kweli. Kuta kuna mchanga, wanaojifunza wamejaa kama soko la Kariakoo. Uluwatu ni mwamba, pale unakwenda kutazama wenzio. Kwa milioni mbili na nusu nauli ya ndege itakumaliza, utalala juu ya ubao. Sri Lanka usidanganywe na jina tu: Weligama ni ghuba ya mchanga, shule ya wageni, lakini msimu wake Novemba mpaka Aprili. Julai kule wanahamia mashariki, Arugam Bay. Kisiwa kimoja, pande mbili, misimu miwili tofauti.

MwishoWaReli
Na hiyo Tofo ya Msumbiji?

BahariaMstaafu
Nzuri kuliko zote tulizotaja upande huu wa Afrika Mashariki na Kusini, na Julai wimbi lipo. Tofo yenyewe ni mchanga, jirani yake Tofinho ni ya wenye roho ngumu. Lakini kwa barabara kutoka Kigoma, nusu ya likizo itaishia kwenye kiti cha basi.

MtuWaCoco
Mbona mnamzungusha dunia nzima wakati Dar ipo? Coco Beach maji yakijaa, kusi limekaza, vijana wanateleza. Nimewaona kwa macho yangu, wengine na vipande vya mbao wamechonga wenyewe. Ukitoka unakula mihogo.

MwaniKavu
Na maji yakikupwa?

MtuWaCoco
Yakikupwa ni mwamba, sikatai. Ndiyo maana ubao mrefu wa kigeni pale haudumu. Anayetaka mchanga avuke Kigamboni, kuanzia Mjimwema kwenda kusini ni bahari wazi. Ila hapo nimuonye. Wimbi linadondokea karibu kabisa na nchi kavu na kuna mkondo wa kurudi. Utaujua hivi: kuna kipande cha maji kati ya mawimbi kimetulia, rangi imekolea, povu linaelekea nje badala ya kuja kwako. Wageni wanapaona wanasema hapa ndipo pazuri pa kuingilia. Ukishikwa usishindane nao, wachezaji mpira wazima wa afya wamekufa kwa kushindana nao. Lala kwenye ubao, piga mikono kwenda pembeni sambamba na ufukwe mpaka uachiwe, halafu ndiyo urudi na mawimbi.

DogoWaGungu
Uza ubao ununue kuku wa mayai. Ushauri wa bure.

BintiMwandiga
Na papa je? Hamjamwambia habari za papa.

BahariaMstaafu
Dada, papa wapo bahari yote, ila maeneo hayafanani. Kisiwa cha Réunion walishambuliwa mfululizo mpaka mwaka 2013 serikali ikapiga marufuku kuteleza nje ya maeneo yaliyotengwa. Kwetu huku ningeogopa mkondo kwanza, kisha mwamba, kisha jua. Papa baadaye sana.

MjukuuWaSabaki
Salaam kutoka Malindi. Nimesoma kimya toka mwanzo, nikasema ngoja wamalize. Ndugu wa Kigoma, mbona hakuna aliyekutajia kwetu?

Mie nitaanzia alipoishia yule wa Paje. Kwamba mwamba ndio unaoua wimbi, ni kweli tupu. Sasa jiulize, wapi pwani hii mwamba umekatika? Ni pale mto mkubwa unapomwaga. Tumbawe halipendi maji ya mto yasiyo na chumvi, wala matope. Mto Sabaki unaingia baharini hapo tu kaskazini ya mji, na kwa ajili yake ghuba ya Malindi haina mwamba mbele yake. Ni wazi, na chini ni mchanga, tena mchanga unaopanda polepole kama anavyotaka mwalimu wa Tabora.

Wageni wengi hawaipendi. Wanasema maji si ya bluu. Wao huenda Watamu au kule kwenye hifadhi ya baharini kusini ya mji, kwenye samaki wa rangi, na kule kweli kumetulia. Wewe unayetaka wimbi, uchafu wa wenzio ndio usafi wako. Halafu Julai kusi linausukuma udongo wa mto kwenda juu, mbali nasi, kwa hivyo maji si mabaya kama wakati wa kaskazi. Utakuta majani ya bahari yamerundikana ufukweni, hayo hayaumi.

Kusi latoka kusini mashariki, na upande huo tuna ile rasi yenye mnara wa Vasco da Gama, inaukata ukali kidogo. Ingia asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yakiwa nusu na yanapanda. Burura miguu unapotembea kwenye maji mafupi, usiinyanyue, maana taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani, na mwiba wake ukikuchoma utasahau likizo. Mawimbi makubwa usitarajie. Ni ya kiunoni, siku njema kifuani.

AsaliMbichi
Nakazia. Huyu ndiye pekee aliyeeleza kwa nini.

MtuWaCoco
Malindi unavuka nchi, pasipoti, kubadili hela. Dar unashuka kwenye treni unaingia majini.

MjukuuWaSabaki
Aingie na treni yake kwenye mwamba, sawa.

MzeeWaKibirizi
Msigombane. Mwanangu, pita Dar siku mbili, ukatazame bahari kwanza bila ubao. Kaa ufukweni saa sita nzima uone maji yanavyotoka na kurudi. Halafu nenda zako Malindi.

MwishoWaReli
Mzee nimekuelewa. Wakuu wote shukrani. Pasipoti ninayo, ilikuwa ya Bujumbura.

DogoWaGungu
Kuku jamani.

MwishoWaReli
MREJESHO

Wakuu, nimerudi juzi. Samahani kwa kimya, nilikuwa naitafuta ngozi ya kifua changu, nitaeleza.

Ubao niliuzungushia turubai na mablanketi mawili nikaukaza kwa mpira wa baiskeli. Kigoma stesheni mhudumu akaniuliza mlango huu unakwenda wapi. Nikasema Malindi. Akaniangalia, akaandika mlango. Tabora usiku akaingia mama mmoja na madumu ya asali, akauona umesimama pembeni, akaanza kunipa pole ya msiba. Nilivyomweleza ni kitu cha kuchezea baharini aliudhika zaidi kuliko angeambiwa ni jeneza. Kutoka Dar kwenda Tanga na Mombasa basi moja walinitoza nauli ya mtu mzima kwa ajili ya ubao, na kiti hawakunipa, ukasafiri umelala katikati na abiria wanaukanyaga. Jina la basi siwataji, wanajijua.

Dar nilifanya alivyosema mzee. Nilikaa Coco kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Niliona ule mwamba unatokeza pole pole kama mgongo wa kiboko, pale pale ambapo watoto walikuwa wanaruka. MtuWaCoco, mihogo ni mitamu. Ubao sikuufungua.

Malindi siku ya kwanza nilijiamini nikaingia saa saba mchana. Upepo ulikuwa umeshaamka, mawimbi yanatoka kila upande, nimekunywa bahari mpaka nikakumbuka ladha ya ziwa. Siku ya pili nikaamka saa kumi na moja. Jamani. Maji yamelala, na kila baada ya muda inakuja mistari mitatu minne mirefu, imenyooka, halafu kimya tena. Nikahesabu kama mwalimu: nane, tisa, nane. Kitu kingine, chumvi inabeba. Ubao ule ule ulikaa juu zaidi kuliko Katonga.

Kosa langu lilikuwa moja na lilinila siku mbili nzima. Kijana mmoja wa pale, mvuvi, hana hata ubao wake, alinitazama akaniambia: kaka, unaangalia miguu yako ndiyo maana unaifuata chini. Ziwani nilizoea kuharakisha, kwa sababu wimbi linakwisha. Huku nilikuwa nainuka kabla halijanishika, mbele ya ubao inazama, napinduka. Akasema piga mikono, na ukihisi mkia umeinuliwa, piga tena mara mbili, ndipo uinuke, na macho yawe kwenye mnazi ule.

Siku ya nne, saa moja kasoro asubuhi, nikahisi mkia umenyanyuka. Nikapiga moja, nikapiga mbili. Mkono wa kushoto uliteleza nikasema basi, lakini mguu wa kulia ulikuwa umeshafika katikati, nikajikuta nimesimama, magoti yamekunja kama mtu anayetafuta choo. Na halikuisha. Hiyo ndiyo niliyokuwa siielewi, lilikuwa haliishi. Chini naona mchanga unapita, pembeni povu linachemka, mnazi unakuja. Nilifika mpaka maji ya magotini, nikashuka kwa miguu yangu kama abiria. Yule kijana alikuwa anapiga makofi. Nilikaa kwenye maji nikacheka peke yangu kama chizi.

Baada ya hapo nilisimama labda mara ishirini kwa siku zote zilizobaki, nikaanguka mara mia tatu. Kuhusu kifua: hiyo sehemu laini ya ubao ikichanganyika na mchanga na chumvi ni mbuzi ya nazi. Vaeni fulana ya kubana, hakuna aliyeniambia. Mkondo ulinishika mara moja, nikalala, nikapiga pembeni, ukaniachia baada ya muda ambao niliuona mrefu. Taa sikumkanyaga, nilikuwa naburura miguu hadi hotelini.

Hela ilibaki laki moja na kitu.

MgebukaMkavu
Picha?

MwishoWaReli
Simu ilikuwa kwa yule kijana, akapiga video. Amerekodi mnazi.

MzeeWaKibirizi
Hongera mwanangu. Jumamosi ulete huo mlango Kibirizi, upepo ukitulia wajukuu zangu wakauone.

BintiMwandiga
Na shemeji yetu ameshanunuliwa friji?

MwishoWaReli
Dada, uzi huu ni wa mawimbi.